Mtoto Aliyeandika "Fitabu" Hajakosa Sarufi

Miongoni mwa insha nilizozisahihisha muhula uliopita hapa Tarbaj kulikuwa na moja yenye sentensi hii: "Fitabu fyangu fisuri fimebotea." Mwalimu asiye na subira angeichapa kalamu nyekundu mara nne, kisha akaandika pembeni kwamba mwandishi hajui Kiswahili. Nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka.

Hebu mwenzangu msomaji itazame sentensi hiyo kwa mara ya pili. Kila neno limelifuata jina kwa utiifu: fi, fy, fi, fi. Upatanisho wa kisarufi umetimia kiasi kwamba hata mtoto wa Lamu asingeuongezea kitu. Kilichokosekana ni sauti tu. Lugha ya Kisomali, ambayo ndiyo lugha ya mama kwa watoto wetu, haina sauti za p, v wala z. Hata maandishi ya Kilatini yaliyopitishwa rasmi nchini Somalia mwaka 1972 hayana herufi hizo. Basi mtoto anapozikosa, hushika zilizo jirani: b, f na s. Mimi niliyezaliwa huku nayajua hayo kwa ngozi yangu. Niliwahi kuchapwa kwa sababu ya "sawadi", na hakuna aliyenieleza kosa lilikuwa wapi.

Nimeirudia sentensi hii kwa sababu nusura mashine imhukumu mtoto huyu kabla yangu.

Walimu wenzangu wa kaskazini wanaijua hali yetu. Mwaka 2018, baada ya walimu kuuawa katika kaunti ya Wajir, wengi wa waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka, na nani awalaumu? Waliobaki tuligawana madarasa. Kwa mwalimu mwenye insha zaidi ya 60 mezani kila juma, habari ya msaidizi asiyechoka hupokelewa kama habari ya mvua. Ndipo mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa yuko chuo kikuu, alipokuja likizo na kunionyesha jambo.

"Mwalimu," akasema, "huna haja ya kufungua ukurasa na kubandika insha moja moja. Programu yako mwenyewe inaweza kubisha hodi huko, ikapeleka insha na kurudi na majibu."

Nami nikajifunza, polepole, kwa tarakilishi inayotegemea umeme wa jua. Kazi yenyewe haina uchawi. Programu huandika ombi, ambamo mna anwani ya huduma, ufunguo wa siri unaomtambulisha mwombaji, na matini yanayotaka kuchanganuliwa. Ombi husafiri mtandaoni hadi kwenye tarakilishi kubwa ya ng'ambo, nayo hurudisha jibu lililopangwa kwa mabano na alama za mtajo: neno hili ni kitenzi, mzizi wake ni huu, ngeli yake ni hii. Pamoja na jibu huja tarakimu. Ukiona 200, mambo ni shwari. 401 maana yake ufunguo wako umekataliwa, na 429 ni kuambiwa kwa adabu kwamba umebisha hodi mara nyingi mno, ungoje. Kwa mtandao wetu, ambao huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, nilifunzwa kuiagiza programu ijaribu tena baada ya kitambo, na kitambo hicho kiongezeke maradufu kila inaposhindwa. Tena kila jibu lililopatikana lihifadhiwe papo hapo, ili umeme ukikatika tusianze upya.

Kiswahili ni lugha ngumu kwa mashine za aina hii, na pia ni lugha tamu kwazo. Chukua neno "hatutawapigia". Ndani yake mna kikanushi, nafsi, wakati ujao, watendewa, mzizi, kauli na kiishio, yote katika neno moja. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alianza kuifunza tarakilishi upasuaji huo mnamo 1985, akijenga juu ya nadharia ambayo Mfini mwenzake Kimmo Koskenniemi aliitoa mwaka 1983. Hazina ya matini ya Kiswahili iliyokusanywa huko, katika toleo lake la pili, ina maneno yapatayo milioni 25. Ni fahari, na pia ni fedheha kidogo kwetu, kwamba nyayo za kazi hiyo zinaelekea kaskazini ya mbali namna ile.

Lakini matini ya hazina kama hizo hutoka aghalabu katika magazeti na vitabu, yaani maandishi yaliyokwisha kupita mikononi mwa mhariri. Mashine iliyolelewa kwa Kiswahili cha mhariri haijapata kukutana na mtoto wa Tarbaj.

Ndivyo ilivyotokea. Huduma niliyoitumia (sitaitaja, maana nyingine zingefanya vivyo hivyo) ililiona neno "fitabu" ikalikosa katika kamusi yake. Haikusema hailijui. Ilikisia kwamba ni jina la ngeli ya I-ZI, mahali ambapo maneno mageni hutupwa, kisha ikatangaza kwamba "fyangu", "fisuri" na "fimebotea" yote yamekosa upatanisho. Katika muhtasari wake, mtoto aliyeishika ngeli ya KI-VI barabara aliandikiwa kuwa hajui ngeli. Mwenziwe aliyeandika "kitabu yangu" alipata alama bora zaidi, maana yeye alikosa mara moja tu!

Tukabuni dawa. Kabla ya kuamini jibu, programu yangu sasa huyakusanya maneno yaliyokisiwa, hujaribu kugeuza f kuwa v, b kuwa p, s kuwa z, kisha hubisha hodi tena. Neno likitambulikana, huhesabiwa kuwa kosa la tahajia, na sarufi hupimwa upya. Sharti ni moja: neno linalotambulikana tangu mwanzo lisiguswe. La sivyo "sana" itageuzwa "zana", na bata wa watu wataishia kuwa "pata". Hata hivyo dawa hii ina tundu. Mtoto akiandika "Baba alifua samaki", mashine haina la kusema, kwa kuwa kufua ni neno halali kabisa. Hapo hubaki mwalimu na kicheko chake.

Jambo jingine sikulifikiria mpaka nilipokumbushwa. Insha za watoto zina majina, koo, vijiji, na wakati mwingine siri za nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa, na insha ikishapelekwa ng'ambo huwezi kuirudisha mkobani. Siku hizi nimewaeleza wazazi kwanza, majina huondolewa na kuwekwa nambari ninazozijua mimi pekee, na insha yenye msiba wa mtu haitoki shuleni. Ufunguo nao siuandiki ndani ya programu, nisije nikamgawia mwenzangu programu nikamgawia na deni.

Sasa nasikia minong'ono kwamba mashine hizi zitakabidhiwa kazi ya kutoa alama, na alama ziende moja kwa moja kwenye rekodi ya mwanafunzi. Mimi siipingi mashine, maana imeniokolea usiku mwingi. Ninalopinga ni rekodi kuandikwa kabla mwalimu hajaona ni neno lipi lililokisiwa na lipi lililojulikana. Anayetuletea huduma hiyo atuonyeshe tofauti hiyo waziwazi. Asipoweza, mtoto wa Tarbaj, Mandera au Garissa atabeba hadi chuoni cheti cha ujinga ambao hakuwa nao.

Msichana wa "fitabu" nilimrudishia insha yake ikiwa na duara moja badala ya manne. Kipindi kilichofuata niliwaagiza wanafunzi wote waweke vidole kooni watamke f, kisha v. Katika f koo limetulia, katika v linatetemeka. Halafu s na z vivyo hivyo. Kwa p tulishika kipande cha karatasi mbele ya midomo, kila mmoja akijaribu kukirusha. Mwalimu wa hisabati, aliyekuwa akipita nje, alichungulia dirishani akauliza kama darasa zima limepatwa na mafua.