Bwawa la Samaki: Kijani cha Faida na Kijani cha Hasara

Leo tuyaache kidogo mahindi na tumbaku, twende bondeni kwenye bwawa la samaki. Ninyi mnaofuga sato huko Katumba, Mpanda, na wenzenu wote wa Mkoa wa Katavi wenye chemchemi na vijito, sogezeni viti karibu.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: maji ya bwawa yakigeuka kijani, je, hiyo ni heri au ni shari? Mmoja atakuambia, "Bwawa limeiva." Mwingine atakuambia, "Bwawa limeoza, mwaga maji yote." Wote wawili wanaweza kuwa na haki, maana kijani cha bwawani ni cha namna mbili, na dawa ya namna moja ni sumu kwa namna ya pili. Tuvitofautishe kwanza.

Kijani cha kwanza ni rangi ya maji yenyewe. Ukiyachota kwa glasi huoni jani wala uzi, unaona maji yenye rangi ya kijani tu. Rangi hiyo ni mimea midogo mno inayoelea majini, isiyoonekana kwa macho matupu. Mimea hii tuiite mwani. Hicho ndicho chakula cha sato. Mkulima anayetia samadi bwawani hamlishi samaki samadi. Anaulisha mwani, na mwani unamlisha samaki.

Kijani cha pili ni cha nyuzi nyuzi. Kinafanana na nywele au pamba iliyoloa. Huanzia chini kwenye tope, kisha hupanda juu na kuelea kwa mabonge. Huo nao ni mwani, lakini ni mwizi. Unakula mbolea uliyoikusudia kwa ule mwani mzuri, unanasa vifaranga wa samaki, unazuia wavu siku ya kuvua, na ndani yake hujificha vyura na konokono.

Sasa, mwani wa nyuzi unatoka wapi? Unapenda mambo mawili: maji ya kina kifupi na maji maangavu. Jua likifika mpaka kwenye tope, nyuzi zinaota. Huku kwetu mvua huisha mnamo Aprili, na ikifika Septemba na Oktoba vijito vimepungua na bwawa limeshuka. Pale pembeni palipokuwa na maji ya kufika kiunoni sasa yanafika magotini. Hapo ndipo nyuzi zinapoanzia.

Basi, utajuaje bwawa lako liko katika hali gani? Tengeneza kipimo. Chukua fimbo iliyonyooka, pigilia kifuniko cheupe cha kopo kwenye ncha yake, kisha kutoka kwenye kifuniko pima sentimita 30 na uweke alama. Saa nne asubuhi, jua likiwaka, kitumbukize polepole. Kifuniko kikipotea machoni karibu na ile alama, maji ni mazuri. Kikipotea kabla ya sentimita 20, kijani kimezidi. Kikionekana bado wakati alama imezama sana, maji ni maangavu mno na nyuzi ziko njiani. Pima kila wiki.

Ukikuta nyuzi, fuata mpango huu, wala usiruke hatua.

Kwanza, zitoe. Zivute kwa reki, au zizungushe kwenye mti mrefu kama unavyosonga ugali. Fanya sehemu leo na sehemu kesho, usije ukalivuruga tope la bwawa zima kwa siku moja. Usiziache ukingoni, maana mvua itazirudisha. Zipeleke kwenye shimo la mboji. Ni mbolea nzuri ya bustani.

Pili, ongeza kina. Jaza maji, na chimbua kingo mpaka maji ya pembeni yafike angalau sentimita 60.

Tatu, sasa ndipo utie samadi. Jenga kizimba cha fito kwenye kona ya bwawa na uweke samadi humo, kidogo kidogo, huku ukitazama kipimo chako. Maji yakishakuwa kijani, jua halifiki chini tena, na nyuzi zinakosa mwanga. Lakini ukitia samadi kabla ya kuzitoa, umezilisha mwizi wako mwenyewe.

Wako wanaoshauri kutia mrututu, ule unaotumiwa kwenye kahawa. Hapana, ndugu yangu! Mrututu kweli unaua mwani, lakini ukizidi kidogo unaua na samaki. Tena mwani uliokufa kwa pamoja unaoza, na kuoza kunamaliza hewa ya majini.

Jambo hili la hewa linatuleta kwenye hatari kubwa zaidi, yaani kijani kilichozidi. Mchana mwani unatoa hewa safi ndani ya maji. Usiku hautoi, bali nao unavuta hewa hiyo hiyo pamoja na samaki. Kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya shida. Kama mwani ni mwingi mno, na hasa baada ya siku ya mawingu, utakuta samaki wamejaa juu ya maji wakitwetatweta, midomo wazi. Usidhani wana njaa ukawatupia pumba! Wanakosa pumzi. Fungulia maji mapya saa ile ile, yaanguke kutoka juu ili yachukue hewa. Acha samadi na chakula kwa siku kadhaa mpaka kipimo kirudi kwenye alama. Anayechelewa anaweza kukuta samaki aliowalea kwa miezi sita wanaelea matumbo juu, na kazi yote imepotea kwa asubuhi moja.

Haya, tuje kwa waharibifu wengine.

Kambale wa mwituni huingia na maji ya mfereji angali mdogo, akakulia kwenye vifaranga vyako. Funga wavu wa matundu madogo kwenye mlango wa kuingizia maji na wa kutolea, na uusafishe kila siku.

Vyura hutaga mayai kwenye majani ya ukingoni, na viluwiluwi wao hugombania chakula na samaki. Opoa mayai hayo kwa chandarua kikuukuu, ukayafukie.

Mdiria, mnandi na korongo huvua kuliko mwenye bwawa. Tandaza kamba juu ya maji, na kumbuka kwamba korongo hupenda kusimama penye kina kifupi. Ule ukingo uliouchimbua kwa ajili ya nyuzi unamzuia na yeye. Kwa fisi maji na kenge, jenga uzio wa fito zilizobanana na ufyeke nyasi zote pembeni.

Konokono nao si wa kupuuzwa, maana baadhi yao hubeba kichocho. Fyeka ukingo, fuga bata wawale, choo kiwe mbali na bwawa, na watoto wasiogee humo. Ukiingia kuvuta nyuzi, vaa mabuti marefu ya mpira kama unayo.

Sasa nisikilizeni vizuri, wakulima wa tumbaku. Dawa ya wadudu wa shambani ni sumu kwa samaki, hata ikiwa kidogo. Usioshe bomba la dawa kwenye kijito kinachoingia bwawani, lako au la jirani yako. Wala usitupe utupa mtoni ili kukamata samaki. Utupa unaua wakubwa kwa wadogo, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu.

Mwisho, dawa inayoshinda nyingine zote haina bei: kukausha bwawa. Ukishavua, toa maji yote, toa na tope jeusi upeleke bustanini, kisha acha jua lifanye kazi kwa wiki mbili mpaka ardhi ipasuke. Mayai ya vyura, kambale waliojificha na mabaki ya nyuzi vyote vitakauka. Hapo nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, jaza maji, tia samadi, ngoja yageuke kijani, ndipo upande vifaranga, wawili au watatu kwa kila mita moja ya mraba. Kwa bwawa la mita 10 kwa 20, hao ni vifaranga 400 hadi 600.

Basi ndugu mkulima, kesho asubuhi kabla ya kushika jembe, pita bwawani. Tazama samaki wanapumuaje, kisha tafuta kifuniko cheupe na fimbo. Na pale utakapokwama, mwone bwana samaki au bwana shamba wa kata yako. Mpaka kipindi kijacho, kwaheri na kazi njema.