Majimbo saba, maneno tisa

Kaunti ya Kilifi ina majimbo saba ya ubunge: Kilifi North, Kilifi South, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Sheli ya Linux ikiletewa orodha hiyo bila alama za kunukuu, huhesabu tisa, maana hukata maneno kila inapokuta nafasi.

Tuseme kompyuta ina folda moja kwa kila jimbo, na nyingine iitwayo Kilifi yenye takwimu za kaunti nzima. Skripti inapokea jina Kilifi North na amri ya kulifuta: rm -r $jina. Sheli inaona vitu viwili. Inaifuta Kilifi yote, kisha inalalamika kwamba North haipo. Folda iliyokusudiwa imebaki salama salimini, takwimu za kaunti zimekwenda. Kinga ilikuwa alama mbili tu: rm -r "$jina".

Nafasi si adui pekee. Kwa majirani zetu wa Kwale kuna eneo la Ng'ombeni. Programu ya xargs, inayopitisha majina kwa amri nyingine, huidhania ritifaa kuwa nukuu iliyofunguliwa, hutafuta ya kuifunga, na isipoiona hugoma. Wapo watakaoshauri tuandike Ngombeni tu, mambo yaende. Siukubali ushauri huo hata kidogo. Unix ilianza 1969. Majina ya Pwani yalikuwepo zamani, na ni wajibu wa mtunga programu kuyapokea yalivyo.

Anayetunga programu ana njia. Katika Unix, jina la faili laweza kubeba nafasi, ritifaa, hata mstari mpya, lakini kamwe haliwezi kubeba baiti ya sufuri. Basi hiyo ndiyo itenganishe majina: find -print0 huyatoa hivyo, na xargs -0 huyapokea bila kugusa kilichomo. Zamani njia hiyo ilikuwa nyongeza ya baadhi ya mifumo. Toleo la 2024 la kiwango cha POSIX limeiingiza rasmi.

Git nayo imetenga kauli mbili. git status humsemesha mtu, na maneno yake yaweza kubadilika toleo hadi toleo. Ukiongeza --porcelain -z, hutoa muundo usiobadilika, bila rangi, kwa ajili ya skripti. Kila programu inayotarajia kusomwa na programu nyingine ingefaa iwe na mlango kama huo, na malalamiko yake yapite mkondo wa makosa, yasije yakahesabiwa kuwa jimbo la nane.