Binti Anataka Kusomea Lugha



Mwezi uliopita alifika ofisini kwangu hapa parokiani mzee mmoja wa kigango cha mbali, amekuja kwa baiskeli. Alitaka cheti cha ubatizo cha bintiye, maana binti amemaliza kidato cha sita, naye anaomba nafasi Chuo Kikuu. Nikamwuliza, "Atasomea nini, mzee wangu?" Akashusha pumzi. "Mwalimu, hapo ndipo panaponiuma. Anataka kusomea lugha. Niuze ng'ombe ili mtoto akafundishwe kusema? Kusema alifundishwa na mama yake, tena bure!"

Sikuwa na jibu. Mimi nilifundishwa sarufi katika chuo cha ualimu, lakini kazi ya sarufi nje ya darasa sikuijua. Basi nikamwomba anipe majuma mawili, nikaulizia na kusoma. Niliyoyapata nayaandika hapa, kwa kuwa wazazi wenye swali kama lake ni wengi.

Kwanza, ujue kwamba kuchunguza lugha si kazi ya jana. Padre Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika pwani yetu mwaka 1879, akaanza kukusanya maneno ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris mwaka 1939. Hesabu mwenyewe miaka hiyo! Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika ya Mashariki. Kazi yake ikahamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, na huko ndiko ilikotoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Watafiti wa Chuo hicho hicho walizunguka nchi kuuliza ni lugha zipi zinasemwa wapi, na mwaka 2009 wakatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Watafiti hao wa Chuo walikula mshahara kwa kazi ya lugha. (Laiti mmoja wao angepita kwangu! Katika vitabu vya ubatizo nina ukoo mmoja ulioandikwa kwa namna tatu, na kila mara wakija kutafuta vyeti tunagombana.)

Lakini siku hizi pana jambo jipya, nalo ni mashine. Kijana wako akiandika Kiswahili katika simu, ikakigeuza kuwa Kiingereza, usidhani simu imezaliwa na akili hiyo. Imefundishwa. Chukua neno moja tu: hatukuwapikia. Mtoto wa miaka mitano hulitamka huku anacheza. Lakini mashine haina budi ijifunze kwamba ha- hukana, -tu- ni sisi, -ku- hapa ni wakati uliopita, -wa- ni wale, -pik- ni kazi yenyewe, na -i- yaonyesha kwamba kazi yafanyika kwa ajili ya mtu. Kiingereza huhitaji maneno matano au sita kueleza hayo. Au chukua paa: ni la nyumba, ni mnyama wa porini, ni kwenda juu, ni kuondoa magamba ya samaki. Wewe huchanganyikiwi. Mashine yaweza kuchanganyikiwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba mmoja wa waliotangulia kuifundisha kompyuta kuyachambua maneno yetu hivyo ni mtu wa Finland, Profesa Arvi Hurskainen wa Helsinki, aliyechapa makala yake juu ya kazi hiyo mwaka 1992. Twamshukuru. Hata hivyo yafaa tujiulize wenye lugha tulikuwa wapi. Heri sasa vijana wa Kiafrika wameamka: tangu mwaka 2019 watafiti wa nchi nyingi wamejiunga katika umoja uitwao Masakhane, maana yake kwa Kizulu "tujenge pamoja", wakiandaa maandishi ya kufundishia mashine. Kazi yao ya mwaka 2021 ilihusu lugha 10, kati yake Kiswahili, Kijaluo, Kiganda na Kinyarwanda. Kisukuma chetu hakikuwamo, ingawa wasemaji wake ni mamilioni.

Hapo ndipo palipo na hasara. Mkulima wa pamba akiiuliza simu habari za wadudu kwa Kiingereza, hupata maelezo marefu. Akiuliza kwa Kiswahili, simu hujikwaa hapa na pale. Bibi yetu asiyejua ila Kisukuma amwulize nani?

Sasa kuhusu chakula. Aliyesomea lugha aweza kuwa mhadhiri, lakini huko hataajiriwa kwa shahada ya kwanza tu. Atahitaji uzamili, kisha uzamivu, nayo ni miaka mingi. Wengine hutunga kamusi, hufasiri, au huajiriwa na makampuni kupima kama mashine imesema sawasawa. Kampuni humpenda zaidi ajuaye hesabu na kuandika programu; kwa hiyo mtoto apendaye lugha asiitupe hesabu, kosa ambalo walimu wake nasi twalifanya kila mwaka.

Tena sitaki kuwadanganya. Si kila kazi ya maneno ina heshima. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu mno, ili mashine ijifunze kuyakataa. Baadhi yao waliumia rohoni. Kabla mwana hajatia sahihi, asome mkataba, aulize ataonyeshwa nini na atalipwa kiasi gani.

Mzee aliporudi nilimsomea haya yote. Alisikiliza huku ameshika kofia. Mwisho akauliza, "Na hiyo mashine, Mwalimu, wakija kuifundisha Kisukuma, wataifundisha chetu sisi wazee, au hiki cha vijana wa mjini?"

Nikamwambia swali hilo ampelekee bintiye, maana ndilo watakalomfundisha kulichunguza.

Akacheka kidogo, akapokea cheti, akakifunga vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Kisha akaniuliza basi la Dar es Salaam huondoka saa ngapi.