Guantanamo kwa bei ya korosho

Novemba 2018 malori ya jeshi yaliingia Masasi na kupanda hadi Newala kubeba korosho. Wanunuzi walikuwa wametoa bei ya chini, Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mwaka huohuo jeshi la Marekani lilikuwa likilinda watu 40 katika gereza la Guantanamo, ndani ya kambi yake ya wanamaji nchini Cuba. Gazeti la The New York Times lilikokotoa gharama za gereza hilo kwa 2018 na kupata zaidi ya dola milioni 540. Dola ilikuwa karibu shilingi 2,300 wakati ule, kwa hiyo tunazungumzia shilingi trilioni 1.24.

Gawa kwa 3,300. Zinatoka tani 376,000 za korosho ghafi. Msimu wa 2017/18, uliovunja rekodi zote za nyuma, Tanzania nzima ilivuna takriban tani 313,000. Mikorosho ya Makote, ya Tandahimba, ya Lindi, ya Tunduru, ya Mkuranga, yote kwa pamoja katika mwaka wake bora isingetosha kulipia watu 40 kwa mwaka mmoja.

Kwa kichwa ni dola milioni 13, au tani 9,000 za korosho kwa kila mfungwa. Katika gereza la Florence, Colorado, lenye ulinzi mkali kuliko yote ya serikali ya Marekani, makadirio ya 2012 yalikuwa takriban dola 78,000 kwa mfungwa kwa mwaka. Tofauti yake ni zaidi ya mara 160.

Fedha hizo haziliwi na wafungwa. Mwaka huo palikuwa na askari wapatao 1,800, yaani 45 kwa kila mfungwa mmoja, na wengi hukaa miezi tisa tu kabla ya kupokewa na wengine. Cuba haifanyi biashara na kambi hiyo, hivyo chakula, saruji na vipuri huja kwa meli au ndege. Maji huchujwa chumvi kutoka baharini tangu Fidel Castro alipokata maji mwaka 1964. Majaji, mawakili na wakalimani wa mahakama ya kijeshi nao husafirishwa kwa ndege kila kikao kinapoitwa, kisha hurudishwa makwao.

Kwa sababu hiyo wastani wa kila mfungwa unataka kusomwa kwa uangalifu. Gharama nyingi hubaki palepale, wafungwa wawe 40 au 15. Gereza lilifunguliwa Januari 11, 2002 kwa watu 20, na kwa jumla limepitisha takriban 780. Januari 2025, baada ya Wayemeni 11 kupelekwa Oman, walibaki 15. Kama bajeti ingebaki ileile ya 2018, kila mmoja wao angegharimu dola milioni 36. Kila anayeondoka humpandishia bei aliyebaki, mpaka atoke wa mwisho.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuiuliza hesabu hii, maana damu yetu imo ndani yake. Agosti 7, 1998 mabomu kwenye balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town Oktoba 1999, akashitakiwa New York pamoja na wenzake watatu, na Oktoba 2001 wote wanne walifungwa maisha. Guantanamo ilikuwa haijafunguliwa.

Mtanzania mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan Julai 2004. Alifichwa kwanza katika jela za siri za CIA, kisha Septemba 2006 akafikishwa Guantanamo katika kundi la watu 14, akiwemo Khalid Sheikh Mohammed anayedaiwa kupanga mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Juni 2009 Ghailani alihamishiwa New York. Januari 2011 alikuwa ameshahukumiwa maisha katika mahakama ya kawaida. Khalid yuko Guantanamo hadi leo, na kesi yake haijaanza kusikilizwa. Makubaliano ya kukiri makosa yaliyofikiwa Julai 2024 yalifutwa na Waziri wa Ulinzi baada ya siku mbili, na Julai 2025 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono waziri.

Wanaotaka gereza libaki huelekeza kidole kwenye kesi hiyohiyo: Ghailani alishitakiwa kwa makosa 285, akatiwa hatiani kwa moja. Ni kweli, ila wasikilizwe mpaka mwisho. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu kwa sababu alijulikana kupitia mahojiano ya mateso katika jela za siri. Kilichodhoofisha ushahidi ni jela hizo, wala si mahakama. Hoja yao ya pili ina uzito zaidi: ofisi ya ujasusi ya Marekani inasema karibu 17 katika kila 100 walioachiwa walithibitika kurudi vitani. Lakini kiwango hicho kilishuka sana kwa walioachiwa baada ya 2009, ulipoanza uchambuzi makini wa faili moja moja.

Na wapo wasiowahi kushitakiwa kabisa. Mkenya Mohammed Abdul Malik Bajabu alikamatwa Mombasa mwanzoni mwa 2007, akapelekwa Guantanamo. Mwishoni mwa 2021 bodi ya mapitio ya serikali ya Marekani ilikubali aachiwe, naye akarudishwa Kenya Desemba 2024. Miaka mitatu hiyo, kwa wastani wa 2018, ni dola milioni 39 za kumlinda mtu ambaye serikali yenyewe ilishasema aende kwao.

Rais Obama aliamuru Januari 22, 2009 gereza lifungwe ndani ya mwaka mmoja, wakati huo likiwa na watu 242. Aliondoka madarakani wakiwa 41. Kilichomzuia ni Bunge, ambalo tangu 2011 linakataza hata mfungwa mmoja kuingizwa katika ardhi ya Marekani, si kwa kufungwa wala kwa kesi. Katazo hilo hupitishwa upya kila mwaka ndani ya sheria ya ulinzi. Mwaka ambao wabunge wataliacha, mahakama ileile iliyowahukumu wauaji wa Dar es Salaam na Nairobi itaweza kuwapokea waliobaki.