Singlendi ya mnyanyua vyuma na mpaka wa stara



Ndugu msomaji, katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita, na hata katika vijiji vya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu na Rwamagasa, si ajabu kukuta uani bomba la chuma lililochomekwa makopo ya zege pande zote mbili. Vijana wanaopandisha mawe kutoka kwenye duara na kubeba viroba hadi kwenye karasha, jioni hujipima nguvu hapo. Hawahitaji vazi maalumu. Bukta ya kufika magotini na fulana ya mtumba vinatosha. Tatizo huanza siku kijana anapotaka kushindana rasmi, akaambiwa kuwa bila singlendi ya mashindano hapandi jukwaani. Hapo wazazi huuliza: vazi hilo likoje, na je, mtoto wetu anaruhusiwa kulivaa?

Tusilichanganye na singlendi tunayovaa chini ya shati. Hili ni vazi la kipande kimoja, la kitambaa cha kuvutika, linalounganisha fulana isiyo na mikono na bukta ya kubana. Mchezo wenyewe una minyanyuo mitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma ukiwa umelala chali kwenye benchi, na kukiinua kutoka sakafuni hadi kusimama wima. Katika kanuni za shirikisho lake la kimataifa, IPF, mguu wa singlendi hupimwa kwa ndani kuanzia msambani: usipungue sentimita 3 wala usizidi 15. Fulana yenye mikono huvaliwa ndani yake, na soksi ndefu hukinga ugoko wakati wa kuinua kutoka sakafuni. Nguo ya ndani ya kubana na kuvutika, inayoweza kumpa mnyanyuaji msaada, hairuhusiwi. Chukua futi ya fundi cherehani upime mwenyewe: kwa mwanamume mtu mzima sentimita 15 haziyafikii magoti.

Na hapo ndipo penye swali la kisheria. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi yetu, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Hoja yao mojawapo ni Hadithi ya Jarhad, ambamo Mtume (S.A.W.) anahesabu paja kuwa ni uchi. Ipo pia Hadithi ya Anas kuhusu siku ya Khaybar, inayotaja paja la Mtume (S.A.W.) kuwa wazi. Imam Bukhari alisema kuwa Hadithi ya Anas ina isnadi yenye nguvu zaidi, lakini ile ya Jarhad ndiyo yenye tahadhari zaidi. Kwa maoni yangu, mzazi anayeshika tahadhari hiyo hapaswi kuitwa mkali, maana mwenyewe Bukhari ameitaja.

Je, kijana aache mchezo? Tuangalie kwanza kwa nini vazi hilo linabana. Waamuzi wanataka kuona viungo: kama nyonga imeshuka vya kutosha, kama goti na kiwiko vimenyooka. Wanachohitaji ni umbo la kiungo kuonekana, si ngozi. Hoja hiyo ndiyo iliyomsaidia Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistani, katika mchezo wa jirani, ule wa kunyanyua uzito wa Olimpiki. Alizuiwa kushindana kwa sababu ya mavazi yake ya stara, akaandika na kueleza haja yake. Mwezi Juni 2011, katika kikao cha Penang, Malaysia, shirikisho la kimataifa la mchezo huo likaruhusu vazi refu la kubana, la mikono na miguu, chini ya singlendi. Mwezi uliofuata alipanda jukwaani katika mashindano ya taifa ya Marekani. Mwaka 2012 Khadija Mohammad wa Falme za Kiarabu, binti wa miaka 17, alinyanyua uzito katika Olimpiki ya London akiwa na hijabu.

Hata hivyo, kufunika ngozi si stara yote. Nguo inayochora mwili wa mwanamke mbele ya wanaume bado ina mazungumzo kwa wanavyuoni, na binti anayependa mchezo huu ni bora ashindane mbele ya wanawake wenzake.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, waandikieni waandaaji mkiuliza kama suruali ya kubana chini ya singlendi inakubaliwa, na jibu liwe la maandishi. Mashindano ya mtaani au ya ukumbi wa mazoezi hujipangia masharti yake, na mwandaaji akielezwa vizuri husikia. Singlendi yenyewe iwe nyeusi au ya rangi nyingine nzito. Chuchumaeni nayo mchana mahali penye mwanga mkali: kitambaa kikivutika mapajani na makalioni kikaonyesha ndani, irudisheni dukani. Mikanda ikikata mabega unaposimama wima, ni fupi.

Ulizeni pia habari za kupimwa uzito. Kanuni za IPF zinataka chumba kilichofungwa, na mtu anaweza kupimwa akiwa na nguo ya ndani. Mpimaji awe wa jinsia yake. Kwenye begi pawekwe kanzu au kikoi, kwani mashindano ya minyanyuo mitatu yanaweza kuchukua muda mrefu, na adhuhuri inaweza kumkuta kijana hapo ukumbini.