Kisigino cha John Bubbles

Dansi ya tapu, yaani dansi ambayo mchezaji huvaa viatu vyenye vibao vya chuma kwenye soli ili kila hatua isikike kama pigo la ngoma, ilichipuka Marekani katika karne ya 19, pale ngoma za Waafrika waliokuwa utumwani zilipokutana na dansi za wahamiaji kutoka Ireland na Uingereza. Soko lake kubwa lilikuwa vodevili, maonyesho mseto yaliyotawala kumbi za Marekani tangu miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, ambamo waimbaji, wachekeshaji, wafanya mazingaombwe na hata wanyama waliofunzwa walipokezana jukwaa, kila mmoja akiwa na dakika chache tu za kuwateka watazamaji. Wengi walizitumia dakika hizo kwa kuongeza kasi, na ndiyo maana John William Sublett, aliyejulikana kama John Bubbles, anastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa yeye aliipunguza.

Alizaliwa mwaka 1902 mjini Louisville, Kentucky, na tangu utotoni alifanya kazi na mpiga piano Ford Lee Washington, maarufu kama Buck. Kuwa wawili kulikuwa na faida, kwa sababu kumbi nyingi za Wazungu zilifuata kanuni isiyoandikwa iliyowazuia wasanii weusi kupanda jukwaani peke yao. Bubbles alikuwa mwimbaji kwanza, akageukia dansi baada ya sauti yake ya utoto kuvunjika, na inasimuliwa kwamba alipojaribu bahati yake katika Hoofers Club, chumba cha Harlem ambamo wacheza tapu walipimana ubavu, alichekwa hadi akaondoka, akajifua kwa muda mrefu, kisha akarudi na hatua ambazo waliomcheka hawakuweza kuzifuata.

Bingwa wa zama hizo, Bill Robinson, alicheza akiwa amesimama wima, uzito wake ukiwa kwenye sehemu ya mbele ya nyayo, na mapigo yake, mepesi na safi, yalijipanga katika mafungu yanayotabirika, kiasi kwamba msikilizaji alijua mapema fungu litaishia wapi. Bubbles alishusha kasi ya muziki karibu kwa nusu, na nafasi kati ya mdundo mmoja na mwingine ikapanuka vya kutosha kubeba mapigo mengi zaidi, ambayo aliyaweka mahali yasipotarajiwa na kuyavusha mpaka wa fungu bila kutua. Jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha ubunifu wake, lilikuwa kukipa kisigino kazi yake mwenyewe: ncha ya kiatu ilipokuwa ikipiga mapigo madogo ya haraka, kisigino kiliangushwa kwa uzito na kutoa sauti nzito ya chini, ikawa ncha na kisigino vinagawana kazi kama chapuo na msondo. Mtindo huo ndio unaoitwa tapu ya mdundo, na kwa haki kabisa Bubbles huitwa baba yake.

Ugumu wote huo aliuficha nyuma ya utanashati. Buck alipiga piano kwa uvivu wa makusudi, akibadilisha mwendo ghafla kana kwamba anataka kumkwaza mwenzake, naye Bubbles alitembea jukwaani kama mtu aliyetoka kupunga upepo, huku miguu ikifanya mambo ambayo mabega hayakuyakiri. Katika filamu Cabin in the Sky ya mwaka 1943 mwendo huo wa maringo bado unaonekana, na ni vigumu kutazama kipande hicho mara moja tu.

Mwaka 1935 mtunzi wa muziki George Gershwin alimpa nafasi ya mhusika Sportin' Life katika opera yake Porgy and Bess, ingawa Bubbles hakujua kusoma noti za muziki, na tarehe 2 Novemba 1936 yeye na Buck walikuwa miongoni mwa wasanii wa siku ya kwanza ya huduma rasmi ya televisheni ya BBC jijini London. Mwaka huohuo, katika filamu Swing Time, Fred Astaire alijipaka rangi nyeusi usoni na kucheza dansi iliyobeba jina la utani la Robinson, lakini ambayo wajuzi wengi huona inafuata zaidi nyayo za Bubbles. Heshima ya namna hiyo, kusema kweli, ilikuwa na kasoro zake.

Kufikia wakati huo filamu zenye sauti zilikuwa zimekwisha kuiua vodevili. Buck alifariki mwaka 1955, na kiharusi cha mwaka 1967 kikamnyang'anya Bubbles miguu aliyoitegemea, ingawa aliendelea kuimba hadharani kabla ya kufariki mwaka 1986. Hatua zake zilikuwa zimekwisha kupita mikononi mwa wengine, hasa Chuck Green, aliyelelewa kisanaa na Bubbles, ambaye anaonekana akizicheza kwa mtindo wake mwenyewe katika filamu ya hali halisi No Maps on My Taps ya mwaka 1979.