Nani Anaisimamia Zahanati Yetu? Maelezo kwa Mtu wa Buzebazeba Aliye Mbali

Jioni moja mama mdogo alinipigia simu kutoka Buzebazeba, mjini Kigoma. Mjukuu wake alikuwa amempakata, homa haijashuka. Walikuwa wametoka kituo cha afya cha serikali ambacho jina lake sitalitaja hapa. Muuguzi aliwapokea vizuri, mtoto akapimwa, malaria ikaonekana. Walipofika dirisha la dawa wakapewa cheti: dawa zimekwisha, nendeni mkanunue duka la dawa. "Mwanangu, nitumie chochote utakachopata," akaniambia. Nikatuma kwa simu kutoka hapa Göteborg, Sweden, dawa ikanunuliwa, na kwa rehema za Mungu mtoto akapona.

Usiku ule kundi letu la familia la WhatsApp halikulala. Mmoja alimlaumu Waziri wa Afya, mwingine mbunge, wa tatu akasema mganga anauza dawa. Nilisoma ujumbe wote ule nikaona jambo moja: katika watu wazima zaidi ya ishirini, hakuna aliyeweza kusema kituo kile kiko chini ya nani, dawa zake huagizwa vipi, na ni nani mwenye haki ya kufungua daftari la stoo na kuhesabu. Tunalalamika kwa uchungu wa kweli, lakini malalamiko yetu hayajui mlango wa kubisha. Makala haya ni ya kuonyesha mlango huo.

Tulikotoka

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na vituo vya afya vya vijijini 22 tu. Hospitali zilikuwa mijini, na mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika alimsafirisha mgonjwa wake kwa mtumbwi. Mwaka 1964 Profesa Richard Titmuss wa Uingereza na wenzake walitoa ripoti kuhusu huduma za afya nchini, wakashauri nguvu zielekezwe kwenye kinga na vituo vidogo vilivyo karibu na watu. Azimio la Arusha la 1967 likaufanya ushauri wa namna hiyo kuwa siasa ya nchi. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kufikia 1980 vituo vya afya vilikuwa vimezidi 200. Dunia ilipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kutangaza afya ya msingi kwa wote, Tanzania ilikuwa tayari imo safarini.

Lakini usimamizi ulikuwa umeyumba. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Diwani, ambaye mwananchi angeweza kumsimamisha njiani na kumuuliza, akatoweka. Huduma za mijini zikazorota, taka zikajaa, kipindupindu kikaibuka. Ndiyo maana mamlaka za miji zilianza kurudishwa mwaka 1978, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria za kuzirejesha serikali za mitaa, moja ya wilaya na nyingine ya miji. Tusilisahau fundisho hilo: tulipomwondoa msimamizi wa karibu, choo na zahanati ndivyo vilivyoumia kwanza.

Kisha fedha zikaisha. Kuanzia 1993 serikali ilileta uchangiaji: mgonjwa aanze kulipa sehemu ya gharama katika hospitali za umma. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Watumishi wa umma nao wakapata Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sheria ya 1999. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, tuliouzoea kwa jina la MMAM: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Majengo mengi unayoyaona ukienda likizo, likiwemo lile boma ambalo miaka inapita halijaezekwa, ni matunda ya ahadi hiyo.

Wakubwa wawili

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Wizara ya Afya hutunga sera, huweka viwango na miongozo ya matibabu. Lakini zahanati, kituo cha afya na hospitali ya halmashauri vinaendeshwa na halmashauri yenyewe, kwa upande wetu Manispaa ya Kigoma/Ujiji, iliyo chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ni habari nyingine: mwishoni mwa 2017 Rais Magufuli aliagiza hospitali za rufaa za mikoa zitoke TAMISEMI ziende Wizara ya Afya. Kwa hiyo, mama mdogo akikosa dawa zahanati na akakosa kitanda Maweni, amekutana na mabosi wawili tofauti kwa siku moja, na malalamiko yake yanapita njia mbili.

Ukishuka ngazi utamkuta Mganga Mkuu wa Mkoa, kisha Mganga Mkuu wa Manispaa na timu yake ya uendeshaji wa huduma za afya. Timu hiyo hufanya ziara za usimamizi shirikishi: hukagua daftari la stoo, friji ya chanjo, chumba cha kujifungulia. Pembeni ipo Bodi ya Afya ya Halmashauri yenye wawakilishi wa wananchi. Chini kabisa ni mganga mfawidhi wa kituo, na pamoja naye Kamati ya Usimamizi ya Kituo. Kamati hiyo nitairudia, maana ndiyo kiini cha maneno yangu.

Nyota, akaunti na bohari

Tangu 2014 yamekuja mageuzi matatu yanayostahili kujulikana.

La kwanza ni nyota. Kati ya 2015 na 2016 serikali ilikagua karibu vituo vyote vya afya ya msingi nchini na kuvipa alama kuanzia sifuri hadi nyota tano. Matokeo yalitisha: takriban theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja. Serikali haikuyaficha. Kila kituo kilionyeshwa udhaifu wake na kupewa mpango wa kurekebisha, na ukaguzi wa pili wa 2017/18 ulikuta vituo vya nyota sifuri vimepungua sana. Somo lake ni jepesi: kipimo kikiwekwa hadharani, watu hujituma.

La pili ni akaunti. Zamani fedha za zahanati zilikaa makao makuu ya halmashauri, na mganga aliyetaka kununua sabuni au glavu aliandika barua akasubiri. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinapelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kituo. Kituo kinapanga, kinanunua, kinatoa hesabu. Ni uhuru mkubwa, na uhuru wa fedha bila mtu wa kuuliza maswali ni hatari kubwa vilevile.

La tatu ni bohari. Kituo huagiza dawa Bohari ya Dawa, MSD. Ikiwa MSD haina dawa hiyo, upo mfumo wa mshitiri, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchi nzima: mkoa huteua msambazaji binafsi kwa ushindani, na vituo hununua kwake kile kilichokosekana. Maana yake ni kwamba jibu la "MSD hawana" halifungi mjadala. Swali linalofuata ni: je, mliagiza kwa mshitiri, na lini?

Ili tutende haki, tumsikilize na mganga. Kwa sera ya taifa, watoto chini ya miaka mitano na wajawazito hutibiwa bure, na wazee wasiojiweza wana msamaha. Sera hiyo ni ya utu na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini dawa anayopewa mtoto bure imenunuliwa na mtu, na mara nyingi kituo hakirudishiwi gharama ile kwa ukamilifu. Kigoma, ambako uchunguzi wa kitaifa wa 2017 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne walio chini ya miaka mitano ana vimelea vya malaria, wagonjwa wa msamaha ni wengi mno. Stoo ikiwa tupu, huenda kuna wizi, huenda maoteo yalikosewa, huenda fedha za msamaha hazikufidiwa. Daftari pekee ndilo linaloweza kusema.

Manispaa yetu na hati chafu

Tusijifanye tumesahau. Machi 2018, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipokabidhi ripoti yake, Kigoma/Ujiji ilikuwa kati ya halmashauri zilizopata hati chafu, na Rais Magufuli akaagiza wakurugenzi wa Kigoma/Ujiji na Pangani wasimamishwe kazi. Hati chafu ina maana kwamba mkaguzi ameziona hesabu akasema hazionyeshi hali halisi ya fedha. Wengi waliipokea kama habari ya siasa, kwa kuwa manispaa wakati huo iliongozwa na ACT-Wazalendo. Mimi nilimfikiria mama aliye kwenye foleni ya kliniki. Hesabu zisipoaminika, hakuna awezaye kumhakikishia kwamba fedha ya panado imekuwa panado.

Jambo la kusikitisha ni kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo, 2016, manispaa hiyohiyo ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizoanza majaribio ya Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi. Mji wa mawese na migebuka ulikuwa umeketi meza moja na miji mikubwa ya dunia, ukiahidi kuweka taarifa zake wazi. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango huo, na mlango ule ukafungwa. Milango ya juu hufunguliwa na kufungwa na wakubwa. Upo mlango mmoja wa chini ambao haukufungwa.

Kiti kilicho karibu

Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kinatakiwa kuwa na Kamati ya Usimamizi. Wamo wananchi wanaochaguliwa kutoka eneo linalohudumiwa, na mwenyekiti hutoka kwao. Mganga mfawidhi ni katibu. Kamati hupitia na kuidhinisha mpango na bajeti ya kituo, hufuatilia mapato na matumizi, hushuhudia dawa zinapopokelewa, na hupokea kero za wagonjwa. Haihitaji ruhusa ya waziri kuuliza maboksi mangapi yameingia.

Huku Sweden huduma za afya zinaendeshwa na mikoa 21, na tangu 2013 ipo taasisi ya taifa ya ukaguzi ambayo mgonjwa anaweza kuipelekea malalamiko. Inafanya kazi kwa sababu watu wanaitumia: jirani yangu, mstaafu wa miaka 80, aliandika barua kwa sababu ya miadi iliyocheleweshwa, akajibiwa kwa maandishi. Nyumbani chombo tunacho, tena kiko hatua chache kutoka kwenye foleni. Lakini mara ngapi tumeenda mkutano wa mtaa siku ya kuchagua wajumbe wake? Kiti kile mara nyingi huenda kwa yeyote aliyekuwepo, asiyejua kusoma karatasi ya hesabu, na mikutano hukosa akidi. Msimamizi aliye karibu kuliko wote ndiye tuliyempuuza kuliko wote.

Sisi tulio mbali

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Ni hatua kubwa, lakini kadi ya bima mbele ya stoo tupu ni karatasi tu. Bima italeta fedha nyingi zaidi kituoni, na kadiri fedha zinavyoongezeka ndivyo msimamizi wa karibu anavyohitajika.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa Buzebazeba, Katubuka, Gungu na Ujiji yote mlio ughaibuni mfanye mambo manne. Ukitumiwa picha ya cheti cha "nunua nje", tuma fedha kwanza, mgonjwa hasubiri. Kisha uliza jina la dawa na tarehe, uandike. Waombe walio nyumbani wamjue mwenyekiti wa kamati ya kituo chao kwa jina, na wampelekee kumbukumbu hizo kwa adabu. Asipojibu, wapande ngazi: mwenyekiti wa mtaa, diwani, Mganga Mkuu wa Manispaa. Na uchaguzi wa kamati ukifika, mtafuteni mwalimu mstaafu, fundi mwaminifu au mama anayeendesha kikoba bila senti kupotea, mkamwombe agombee.

Mama mdogo alihudhuria mkutano wa mtaa kwa mara ya kwanza mwezi uliofuata. Aliuliza swali moja tu, kamati hukutana lini, na mwenyekiti akaitaja tarehe mbele ya watu wote. Nawe mpigie simu mtu wako wiki hii, mwulize kama anaijua tarehe ya kamati ya kituo chake.